Damu ya kuku, ya chura na ya nyoka: jina la kijidudu hutoka wapi?

Juma hili twaendelea na habari za viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Wanafunzi wa sekondari wanajua tayari namna wanyama na mimea wanavyopangwa katika milango, koo na jamaa, na twajua pia kwamba kazi hiyo huwachosha. Hukariri majina marefu ya Kilatini usiku wa kuamkia mtihani, na mtihani ukiisha huyaacha darasani pamoja na vumbi la chaki. Wazazi nao huuliza: Je, majina hayo yana faida gani kwa mtu mwenye shamba na watoto wa kulisha? Tumeona afadhali tujibu kwa mfano mmoja tu, nao tumeuchagua katika banda la kuku.

Fikirini kuku anayesinzia mchana. Manyoya yamesimama, kishungi kimepauka, hataki mtama wala maji, anaharisha, na baada ya siku chache yu mfu. Mwenye banda husema: «Ni kideri.» Jirani husema: «Ni sumu», tena hutaja na mtu aliyeitia. Mama mkwe hukumbuka kwamba juzi mgeni fulani aliwasifu kuku hao kupita kiasi. Basi kuku waliobaki huuzwa upesi sokoni wakiwa wagonjwa, na ndugu wawili waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani hawasalimiani tena. Haya si mambo madogo. Kumtaja mtu kwa kosa ambalo hakulitenda ni kuvunja amri ya nane, hata kama kosa lenyewe ni kuku watatu tu. Na kisa chote kimeanza kwa sababu ugonjwa umepewa jina kabla ya kuchunguzwa.

Kideri kipo kweli, nacho huua wengi. Lakini si kila kuku asinziaye ana kideri. Yako magonjwa mengine yanayokaa ndani ya damu, na mawili kati yao huletwa na mdudu mmoja, yaani papasi wa kuku.

Papasi ni ndugu wa kupe, ila hana ngao ngumu mgongoni. Huyu wa kuku, ambaye wataalamu humwita Argas persicus, ni bapa kama mbegu ya boga, na rangi yake ni ya udongo. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, chini ya maganda ya miti ambayo kuku hulalia, na ndani ya viota. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha hurudi mafichoni. Kwa hiyo mtu akimshika kuku wake saa sita ya mchana na kumchunguza, hamwoni papasi mzima hata mmoja, naye huapa kwamba banda lake ni safi. Watoto wa papasi tu, wenye miguu sita, ndio hubaki wamejishikiza chini ya mabawa kwa siku kadhaa, wakaonekana kama madoadoa meusi. Msiwachanganye na utitiri, ambao ni wadogo zaidi, hukimbia juu ya mkono na kuwasha. Tena papasi ana saburi ya ajabu: aweza kukaa zaidi ya miaka miwili bila kula. Mtu aachaye banda tupu kwa miezi mitatu akidhani ameshinda, amempa adui mapumziko tu.

Sasa tuingie ndani ya damu yenyewe.

Damu ya mtu ina chembe nyekundu zilizo duara, zenye upana wa sehemu saba au nane za elfu moja ya milimita, nazo hazina kiini katikati. Damu ya kuku si hivyo. Chembe zake nyekundu ni ndefu kidogo kama yai, na kila moja ina kiini chake. Hali kadhalika damu ya mijusi, ya kobe na ya nyoka. Vyura ndio wenye chembe kubwa kuliko hao wote tuliowataja: urefu wake hupita sehemu ishirini za elfu moja ya milimita, hata wanafunzi wenye darubini ndogo ya shule huziona bila taabu. Hili la kiini ni jambo la kukumbukwa, maana ndilo lililowapotosha mabingwa kwa muda wa miaka mingi.

Mtaalamu hutandaza tone la damu juu ya kioo chembamba, huiacha ikauke, kisha huitia rangi iitwayo Giemsa. Kiini hugeuka zambarau. Kando yake huonekana mara nyingine kidoa kidogo chenye zambarau ileile. Kidoa hicho ni nini? Chaweza kuwa kipande cha kiini kilichomeguka. Chaweza kuwa takataka ya rangi iliyoganda. Chaweza kuwa kijidudu cha jamii ya wale waletao malaria. Chaweza kuwa bakteria. Chaweza hata kuwa alama ya virusi, ambao kwa kawaida ni wadogo kuliko bakteria. Kwa darubini ya kawaida, vyote hivyo ni kidoa tu.

Aliyeviona vidoa hivyo katika kuku wa Sudan alikuwa daktari Mskoti, Andrew Balfour, mkuu wa maabara ya Khartoum. Aliandika habari zake mwaka 1907. Wakati huo ugonjwa mwingine wa kuku ulikuwa umejulikana tayari, nao huletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama msumari wa parafujo. Sakharoff alimwona bakteria huyo mwaka 1891 katika mabata bukini wa nchi za Kaukazi, na mwaka 1903 wataalamu wawili, Marchoux na Salimbeni, waliokuwa Rio de Janeiro kuchunguza homa ya manjano, walionyesha kwamba papasi ndiye amchukuaye toka kuku hata kuku. Basi Balfour aliona hivi: kwanza damu ya kuku ilijaa vijidudu vilivyojisokota, baada ya siku chache vilitoweka, halafu ndani ya chembe nyekundu vikaonekana vidoa. Alihukumu kwamba vidoa ni hali ya pili ya kijidudu kilekile, kama kiwavi anavyogeuka kipepeo.

Hukumu hiyo ilikuwa na akili ndani yake, lakini haikuwa kweli. Papasi mmoja alikuwa amebeba magonjwa mawili katika mate yake, akawapa kuku yote mawili kwa kuumwa kumoja. La kwanza likaisha, la pili likaanza. Kitu kikitangulia kingine, si lazima kiwe mzazi wake. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Hata hivyo hatujapata kusikia mtu akisema jua ni mtoto wa jogoo.

Miaka ishirini ikapita. Huko Misri daktari wa mifugo Mwitalia, Matteo Carpano, alivichunguza vidoa hivyo tena, na kati ya mwaka 1928 na 1929 akatangaza kwamba ni kijidudu cha peke yake. Alikipa jina Aegyptianella pullorum. Neno la kwanza lataja nchi ya Misri, na la pili maana yake ni «ya vifaranga». Hapo alifanya kazi njema, kwa kuwa alitenganisha yaliyochanganywa. Mwaka 1933, Afrika ya Kusini, Bedford na Coles walithibitisha kwamba kijidudu hicho nacho huchukuliwa na papasi. Lakini Carpano alikiweka katika ukoo wa piroplasma, yaani pamoja na vijidudu kama vile viletavyo mkojo mwekundu katika ng'ombe. Piroplasma si bakteria. Ni viumbe vyenye kiini, karibu zaidi na jamii ya malaria.

Mtu ataniuliza: haidhuru, kidoa ni kidoa, kuku amekufa, ukoo wake wanihusu nini? Jibu ni hili, nalo ndilo kiini cha makala yetu. Dawa hufuata ukoo. Dawa zinazoua piroplasma zina njia yake, na dawa zinazoua bakteria zina njia nyingine. Aliyekiweka kijidudu katika ukoo usio wake atatafuta dawa katika kabati lisilo lake, na kuku watakufa mbele ya macho yake huku chupa ya dawa ifaayo iko rafu ya chini.

Hakimu aliyeamua neno hilo alikuwa darubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu mara maelfu mengi. Mwaka 1969, mjini London, R. G. Bird na P. C. C. Garnham walitoa habari za muundo wa ndani wa Aegyptianella. Garnham huyo si mgeni wa Afrika: alifanya kazi ya udaktari Kenya toka mwaka 1925 hata 1947, na mwaka 1948 yeye na Shortt walionyesha kwamba kijidudu cha malaria ya watu hupita kwanza katika ini. Basi katika picha za darubini hiyo kijidudu cha kuku hakikuonekana na kiini cho chote. Kilikuwa kimezungukwa na ngozi mbili nyembamba, kimekaa ndani ya kifuko katikati ya chembe nyekundu, kikijigawa humo hata kifuko kimoja kikawa na vitoto vingi. Huo ndio umbo wa bakteria wa ukoo wa riketsia, ambao hawawezi kuishi ila ndani ya chembe za kiumbe kingine. Hivyo dawa zifaazo ni zile za jamii ya tetrasiklini, wala si dawa za piroplasma.

Baada ya hapo ungedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu ya vyura.

Mwaka 1894 Labbé, Mfaransa, alikuwa ameona katika chembe nyekundu za vyura kitu kama kifuko kilichojaa vijiti vidogo. Alidhani kifuko ni amiba, na vijiti ni bakteria waliomezwa na amiba huyo, akakiita Cytamoeba bacterifera, maana yake «amiba wa chembe abebaye bakteria». Kumbe amiba hakuwapo. Bakteria tu ndio walikuwapo, na kifuko kilikuwa nyumba yao. Twapenda kisa hiki, kwa maana jina hili lilitaja wawili, na mmoja wao hakuzaliwa kamwe. Mwaka 1987 mtaalamu S. S. Desser alieleza bakteria wa namna hiyo katika vyura wa jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Kwa kuwa walikaa ndani ya chembe nyekundu, tena ndani ya kifuko, aliwaweka katika ukoo mmoja na kijidudu cha kuku, akawaita Aegyptianella ranarum, yaani «ya vyura». Mwaka 1989 yeye na Barta wakamhamishia na yule wa Labbé katika ukoo huohuo, wakitumia vyura wa kisiwa cha Korsika.

Walihukumu kwa sura na kwa makao. Nani angewalaumu? Mwalimu akiwaona darasani wavulana wawili wenye uso mmoja, wanaotoka mtaa mmoja, atasema ni ndugu. Lakini padri hufungua kitabu cha ubatizo, na humo hukuta majina ya baba na mama wa kila mmoja. Mara nyingine kitabu humkanusha mwalimu. Bakteria nao wana kitabu chao cha ubatizo. Ni maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila mmoja, ambayo mzazi humwachia mtoto, yakibadilika herufi moja moja kwa muda mrefu. Toka mwaka 1977, Mmarekani Carl Woese alipoonyesha namna ya kusoma sehemu moja ya maandishi hayo ambayo viumbe vyote vinayo, wataalamu hawategemei tena sura peke yake.

Huko Ohio, Marekani, Yasuko Rikihisa na wenzake walisoma kitabu cha kijidudu cha kuku, wakatoa habari mwaka 2003. Kilionekana kuwa karibu sana na Anaplasma, bakteria wa ng'ombe, ambao ugonjwa wao wafugaji wa Tanzania huuita ndigana baridi. Sura ilikuwa imesema kweli, na hata zaidi ya ilivyodhaniwa. Mwaka uliofuata, 2004, Zhang na Rikihisa walitangaza matokeo ya kijidudu cha vyura. Huyu hakuwa ndugu. Hakuwa hata binamu. Maandishi yake yalimweka mbali kabisa, katika jamaa ya Flavobacteriaceae, ambayo wengi wao hukaa majini na udongoni. Viumbe wawili wa koo mbili walikuwa wamejifunza kila mmoja kwa njia yake kuishi ndani ya chembe nyekundu, kama vile popo na ndege wote wawili warukavyo, na hata hivyo popo hunyonyesha. Ilibidi atolewe katika ukoo wa Misri na kupewa jina jipya: Candidatus Hemobacterium ranarum.

Neno hilo la kwanza, Candidatus, litawapendeza makatekista. Kwa sheria ya wataalamu wa bakteria, mtu hawezi kumpa bakteria jina kamili mpaka awe amemlea peke yake katika chombo, na kumweka katika nyumba mbili za kuhifadhia, katika nchi mbili mbalimbali, ili wengine waweze kumchunguza. Lakini bakteria wengi wa damu hukataa kulelewa nje ya damu. Basi kati ya mwaka 1994 na 1995 ilikubaliwa kwamba kiumbe kinachojulikana kwa maandishi yake tu kiitwe Candidatus, neno ambalo zamani za Warumi lilikuwa la mtu aliyevaa nguo nyeupe akiomba cheo. Ni kama mkatekumeni: anajulikana, ana nafasi yake kanisani, lakini bado hajabatizwa. Mwaka 2022 wataalamu wengine walitoa kanuni nyingine, iitwayo SeqCode, inayokubali maandishi ya urithi yenyewe kuwa shahidi wa jina. Hivi sasa kanuni hizo mbili zinatumika pamoja, na wenye kuzitetea hubishana kwa nguvu kama wazee wa mahari.

Iko kanuni nyingine iliyo rahisi zaidi: jina la kwanza ndilo lenye haki. Anaplasma lilitolewa mwaka 1910 na Arnold Theiler, Mswisi aliyefanya kazi Afrika ya Kusini. (Mwanawe Max ndiye aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano.) Aegyptianella ni la mwaka 1929. Ikiwa hao wawili watahesabiwa kuwa ukoo mmoja, jina la mkubwa litabaki na la mdogo litakoma, hata kama limezoeleka vitabuni. Wanafunzi wakikuta kitabu cha zamani chenye jina moja na kitabu kipya chenye jina jingine, wasidhani kwamba mmoja wa waandishi ni mjinga. Watazame mwaka.

Kuhusu wanyama watambaao hatutakawia, maana kwao habari ni chache. Swila, yule nyoka atemaye sumu machoni, alionwa na Battelli mwaka 1947 kuwa na kidoa kama cha kuku katika damu yake, naye akakiita Aegyptianella carpani kwa heshima ya Carpano. Kobe wa maji wa Tunisia alipata wake mwaka 1935, uitwao Tunetella emydis, kutoka kwa Brumpt na Lavier. Majina hayo yalitolewa kwa kutazama kioo na rangi tu, kwa hiyo sisi tungeyashika kwa mkono mwepesi. Tuna sababu. Mjusi kafiri wa Tunisia naye alikuwa na vidoa, ambavyo Chatton na Blanc waliviita Pirhemocyton mwaka 1914, wakivihesabu kuwa kijidudu cha jamii ya piroplasma. Mwaka 1966, Stehbens na Johnston walitazama kwa darubini ya elektroni vidoa vya namna hiyo katika mjusi wa Australia, wakakuta virusi. Hapakuwa na kijidudu cha jamii hiyo, wala bakteria.

Wale waliojisokota, tuliowaacha nyuma pamoja na Balfour, wao wamepangwa vizuri zaidi. Ukoo wao huitwa Borrelia. Mlango mmoja ni wa homa za kurudia, na humo yumo yule wa kuku, Borrelia anserina. Mlango mwingine ni wa ugonjwa wa Lyme, unaojulikana zaidi Ulaya na Marekani. Mlango wa tatu ni wa wanyama watambaao: Borrelia turcica, aliyepata jina mwaka 2004, alitolewa katika kupe wa kobe huko Uturuki.

Na katika mlango ule wa kwanza, karibu na wa kuku, yumo mmoja ambaye kwetu Kongo hatuna ruhusa ya kumsahau. Ni Borrelia duttonii, aletaye homa ya papasi kwa watu. Papasi huyu ni wa nyumba, si wa banda. Huitwa Ornithodoros moubata, na katika nchi yetu wengi humwita kimputu. Mwaka 1905 madaktari wawili wa shule ya Liverpool, Mwingereza Joseph Everett Dutton na Mkanada John Todd, walithibitisha katika mashariki ya Kongo kwamba kimputu ndiye achukuaye homa hiyo, na kwamba hata watoto wa kimputu waliozaliwa katika mayai huweza kuambukiza. Wote wawili waliugua homa hiyohiyo waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Wasomaji wetu wa Maniema wanaojua njia za mji huo wajue kwamba jina la mtu huyo limo katika vitabu vya madaktari wote wa dunia, limefungwa pamoja na kijidudu kilichomwugua.

Homa hiyo ingali ipo katika nchi za Afrika ya mashariki na ya kati. Huja kwa nguvu siku chache, hupoa, kisha hurudi. Ndiyo maana mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, na mgonjwa hunywa dawa ya malaria bila kupata nafuu. Kwa mama mwenye mimba ni ya hatari sana, kwa kuwa yaweza kumpotezea mtoto. Homa ikirudi tena na tena, mwombeni mwuguzi atazame kioo cha damu na kutafuta si malaria tu, bali na kijidudu kilichojisokota. Akikiona, dawa za kuua bakteria zinazopatikana hospitalini zitamponya mgonjwa. Kijidudu cha kuku, yule anserina, hakiambukizi watu. Lakini nyufa zilezile za ukuta wa udongo ndizo makao wanayoyapenda mapapasi wa namna zote mbili.

Kwa hiyo turudi bandani na taa. Nendeni saa tatu au saa nne ya usiku, mwinue kuku taratibu, mtazame chini ya miti wanayolalia na katika nyufa. Mkiwaona papasi, msiishie kumpa kuku dawa tu. Miti ya zamani yenye maganda ichomwe; miti mipya imenywe vizuri, isiguse ukuta, na miguu yake isimame katika makopo yenye mafuta machafu. Nyufa zizibwe kwa udongo na kupakwa chokaa, viota vya majani vitolewe na kuchomwa. Kuku wageni watengwe kwa zaidi ya juma mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, maana ugonjwa wa Aegyptianella huchukua siku kumi na mbili hata kumi na tano kabla ya kuonekana. Angalieni hasa kuku wa kizungu walionunuliwa mjini: kuku wetu wa kienyeji huvumilia kijidudu hicho bila kuonyesha dalili kubwa, nao ndio humwambukiza mgeni kwa njia ya papasi, na mgeni hufa. Kwa tetrasiklini, mwulizeni daktari wa mifugo kipimo chake, wala msile mayai na nyama ya kuku aliyetibiwa mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema habari za kideri chenyewe na chanjo yake.